Mtu wa Kuitwa Ukiugua

"Mujomba?"

"Hapana."

"Shangazi?"

"Hapana."

"Mutoto wa dada yako, anakaa kwako tangu mudogo, unamulipia minerval ya masomo?"

Nikatazama nguo kwenye kamba.

"Bertille, nimekuuliza."

"Nimesikia."

"Basi jibu. Kesho saa tatu hakuna mutu atakubembeleza."

Ilikuwa Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya mtihani wa leseni ya mawakala wa bima ya afya, na Zacharie alikuwa ameshika daftari langu kama mwalimu aliyekosa usingizi. Tulikuwa barazani kwetu Kataki, hapa Kalemie, yeye kwenye kiti cha plastiki, mimi kwenye ngazi ya saruji, kwa sababu kila nilipokaa kitini mguu wangu wa kulia ulianza kucheza wenyewe na kiti kikacheza nao. Tangu asubuhi nilikuwa nikinyanyuka bila sababu. Niligeuza nguo kwenye kamba wakati hazijakauka. Nilifagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Mama yangu, Mama Odile, alinitazama kutoka jikoni akasema kwa sauti ya kusikika na majirani, "Huyu ameingiliwa na siafu."

"Jibu," alisema Zacharie.

"Hapana," nikasema. "Mpwa si mutegemezi. Mpaka kuwe karatasi ya tribinali."

"Vizuri. Umeona? Si ngumu."

Ilikuwa ngumu. Swali hilo moja lilikuwa limeniangusha mara tatu katika majaribio. Nani anaingia kwenye kadi ya familia? Kitabu cha komisheni ya leseni kilijibu kwa mistari miwili: mume, mke, na watoto walio chini ya miaka kumi na minane, wa kuzaa au wa kulea kwa hati. Basi. Mimi nilijua mistari hiyo kama Baba Yetu, lakini wakinipa mfano wenye majina, mkono wangu ulianza kujaza watu. Bibi anayelala chumba cha nyuma. Kaka wa mama aliyekuja kutibiwa mwaka juzi akabaki. Mahali ambapo kitabu kilihesabu watano, mimi nilihesabu tisa.

"Unahesabu sahani," Zacharie aliniambia siku moja akicheka. "Hawakuulizi sahani ngapi."

Alicheka vizuri, Zacharie. Alicheka akitazama chini kwanza, kisha akiinua macho taratibu kana kwamba anaomba ruhusa. Miaka miwili tulikuwa tukifanya kazi pamoja kwenye mutuweli moja, chama kidogo cha bima, yeye akiandikisha wavuvi na wafanyabiashara wa bandarini, mimi wanawake wa soko. Sehemu kubwa ya miaka hiyo nilijifanya siyaoni macho yale. Sasa komisheni ilikuwa imesema kwamba kuanzia mwezi ujao hakuna atakayeandikisha wala kuhudumia mwanachama bila leseni. Wanawake wangu walikuwa mia moja arobaini na mbili. Mmoja wao, Mama Victorine anayeuza ndagala, wale samaki wadogo, alikuwa na mimba ya miezi saba, na kila aliponiona aliniuliza kitu kilekile: "Bertille, mwezi ule wangu wa kuzaa, wewe bado utakuwa wakala?" Nilimjibu kwamba nitakuwa. Nilimjibu hivyo kabla sijajua kama ni kweli.

Na Jumapili, siku moja tu baada ya mtihani, familia ya Zacharie, iliyokuwa njiani kwa boti kutoka Baraka, ingeleta kwetu kinywaji cha kujitambulisha.

Ndiyo maana mguu wangu haukutulia.

"Tuanze upya," Zacharie alisema. "Papa mumoja, bibi yake wa ndoa, watoto wane, na mujomba ya bibi, muzee, anakaa nyumbani. Kwa kadi ni wangapi?"

"Sita."

"Mujomba?"

"Hapana."

"Sema kwa nguvu, ikae kwa kichwa."

"Mujomba, hapana."

Pazia la mlango likasogea.

Mjomba Alphonse alikuwa amefika Alhamisi kwa boti ya Moba, amechoka, ana gunia la maharagwe na viazi vya Pepa, amevaa koti lake zito la sufu. Huku ziwani watu hutoka jasho hata wakikaa, lakini koti lile hakulivua. Alisema baridi ya milima ya Marungu imemwingia mifupani na haitoki kwa siku mbili. Tulidhani amelala. Dirisha la chumba alicholala lilikuwa juu ya kichwa changu, wazi.

"Endeleeni," alisema. "Musinyamaze kwa sababu nimetoka."

Zacharie alisimama, akampisha kiti. "Jambo Mujomba. Umepumzika?"

"Nimepumzika. Nimesikia na masomo." Akaketi, akanyoosha mkono. "Lete hiyo daftari."

Alisoma polepole, kidole chini ya mstari. Mjomba wangu alisoma kwa mapadri mpaka darasa la sita na Kifaransa chake ni cha kanisani, lakini hakihitaji msaada. Alisoma mistari ile miwili, akageuza kurasa, akarudi, akaisoma tena. Mama alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi, hakuukumbuka, unga ukadondoka kwenye vumbi.

"Ni sheria ya bima tu, kaka," Mama alisema. "Mambo ya biro."

"Nimeona ni sheria. Sikatai sheria. Wao wanatafuta hesabu yao iende sawa, wana haki." Akamrudishia Zacharie daftari. "Mimi nataka kuuliza huyu kijana kitu kimoja. Kaa."

Hapakuwa na kiti kingine. Zacharie akaketi kwenye ngazi, karibu nami, na bega lake likagusa langu. Nilihisi lilivyokaza.

"Wewe ni Mubembe."

"Ndiyo, Mujomba."

"Kwenu mutoto ni wa nani?"

"Ni wa baba."

"Na kwetu Watabwa?"

"Ni wa upande wa mama. Wa mujomba."

"Unajua. Vizuri. Jumapili unaleta kinywaji. Tuseme nimekifungua, mumeoana, Mungu amewapa mutoto. Siku moja mutoto anaamuka mwili moto, macho yamegeuka. Utaita nani wa kwanza?"

Zacharie alinitazama. Ulikuwa mtazamo mfupi sana, lakini mimi niliona ndani yake kila kitu: kwamba anajua jibu linalotakiwa, kwamba linaweza kutoka kinywani mwake bila shida, na kwamba hatalitoa. Moyoni nilimwomba adanganye. Mimi niliyekuwa nikijifunza sura nzima juu ya ukweli wa wakala mbele ya mteja, nilimwomba adanganye.

"Baba yangu, Mujomba," alisema.

Mwiko wa Mama ukatulia hewani.

"Asante," Mjomba akasema. "Hukunidanganya. Wengine wangenipaka mafuta." Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake ikawa ndogo. "Na wewe. Kesho watakuuliza kama mujomba ni wa nyumba ao hapana?"

"Wanaweza kuuliza."

"Utaandika nini?"

Mguu ulianza kucheza, nikaushika kwa mikono miwili.

"Sikukatazi egzameni," alisema. "Nenda. Ulisoma kwa jasho la mama yako. Lakini ukiandika hapana, utaniambia. Usinifiche. Na kama kwa mukono wako mimi si mutu wa nyumba, basi Jumapili nitakaa hapa kama mugeni. Mugeni hafungui chupa ya watu."

Akainuka, akashika pazia, akaingia ndani.

Lazima niseme kitu juu ya chupa. Kwetu anayeiweka mkononi mwa mjomba ni binti mwenyewe, mbele ya wageni. Akiifungua, wageni wamepokelewa. Akiiweka chini bila kuifungua, hakuna atakayepiga kelele, watu watakula, watashukuru, na boti itarudi walikotoka. Nimeiona mara moja kwa dada wa rafiki yangu. Chupa ilikaa sakafuni mchana kutwa, na watoto wakafundishwa kuizunguka wanapopita.

Na lazima niseme kitu juu ya Mjomba. Nilikuwa na miaka sita tulipokaa Pepa. Baba alikuwa amekwenda Kabalo kutafuta kazi ya reli na hakurudi. Malaria ikanipanda kichwani. Mjomba alinifunga mgongoni kwa kitenge cha Mama, kama mwanamke, akapanda baiskeli, akateremka nami kuelekea Moba. Njiani palikuwa na kituo kidogo cha afya. Muuguzi alimwuliza, "Wewe ni baba yake?" Mjomba akajibu kwa fahari, "Mimi ni mujomba yake." Muuguzi akasema karatasi inataka sahihi ya baba, arudi na baba. Hapo ndipo mjomba wangu, mtu wa kuimba kwenye kwaya, aliposema uongo wa kwanza ninaoujua. Alitoka nje, akazunguka nyumba, akaingia tena, akasema yeye ni baba. Akaandika jina la baba yangu kwenye karatasi. Nikapata dawa.

Hadithi hiyo aliisimulia siku za sikukuu, na watu walicheka sana pale anapozunguka nyumba. Yeye mwenyewe hakucheka pale. Sikuwa nimeligundua jambo hilo mpaka Ijumaa ile.

Nilimsindikiza Zacharie mpaka karibu na daraja la Lukuga. Tangu ziwa lipande, barabara ya chini haipitiki vizuri, kwa hiyo tulipita juu, kati ya pikipiki na wanawake wanaorudi na mabeseni. Upepo ulikuwa unasukuma vumbi na harufu ya samaki. Tulitembea haraka, kana kwamba kuna mahali tunachelewa.

"Ungesema kidogo tu," nikamwambia. "Ungesema, 'nitaita wote wawili.'"

"Ameniuliza wa kwanza."

"Ungesema mimi."

"Bertille, ulitaka nianze na uongo mbele ya mujomba yako?"

"Nilitaka ufungue njia. Umeifunga."

"Mimi njo nimeifunga?" Alisimama. "Nani ameweka sharti? Andika jibu la kitabu, umwambie umeandika, atakasirika siku mbili, itaisha. Ni karatasi tu."

"Karatasi tu."

"Ndiyo."

"Kama ni karatasi tu, kwa nini bega lako lilikaza?"

Mwanamke mmoja aliyejua sauti yangu aliniita kutoka upande wa pili, "Madamu wa kadi," nami nikampungia mkono bila kumtazama.

"Nitaliacha lile swali," nikasema. "Nitajibu mengine yote."

"Ni alama arobaini. Wanataka sabini kwa mia. Ukiliacha umeanguka, hata ukipata yote yaliyobaki." Sauti yake ilipanda, kisha akaishusha kwa nguvu. "Mama Victorine utamwambia nini? 'Samahani mama, zaa polepole, mimi nilikuwa naheshimu mujomba'?"

"Usimtie Mama Victorine humu."

"Yumo. Wewe mwenyewe ulimutia. Kila siku unanihesabia miezi yake."

"Na wewe unataka nini? Unataka nipate leseni, ao unataka unioe?"

"Nataka vyote," alisema. "Njo shida yangu. Nataka vyote, na mama yangu amepanda boti tangu asubuhi na baba yangu na vitenge sita, na mimi sijui niwapigie simu washukie wapi."

"Basi wapigie."

Nilisema. Sijui nilitaka asikie nini, lakini nilisema, na maneno yalipotoka hayakuweza kurudi. Upepo ulimpiga Zacharie shati likajaa hewa mgongoni, akawa kama mtu mnene nisiyemfahamu. Alinipa daftari. Akatoa biki yake ya bluu mfukoni, ile anayoandikia wavuvi, akaiweka juu ya daftari.

"Yako inakwama," alisema. "Niliiona juzi. Chukua hii kwa kesho."

Akapita daraja. Nilingoja ageuke. Aliruka dimbwi la katikati, akaendelea.

Usiku huo sina la kusema juu yake, isipokuwa kwamba nilisikia Mjomba akikohoa chumba cha pili, na yeye bila shaka alinisikia mimi nikigeuka.

Asubuhi Mjomba alikuwa ameshaamka, amekaa uani na koti lake, anapaka viatu rangi. Viatu vya mtu anayekaa nyumbani mchana kutwa. Nikamsalimia, akaitikia. Nikasema, "Ninakwenda, Mujomba." Akasema, "Maji umekunywa?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kupaka.

Mtihani ulifanyika katika ukumbi wa shule, watahiniwa thelathini na mmoja, kila mmoja kwenye benchi lake. Zacharie aliwekwa safu mbili mbele yangu. Aliingia akiwa amechelewa kidogo, macho mekundu, akanitafuta kwa macho, akanipata, akageuka. Tangu hapo nilichoona ni sikio lake la kushoto na kola ya shati. Nilijua shati lile. Nilijua kifungo cha juu ni cha rangi nyingine, kwa kuwa nilikishona mimi.

Maswali ya kwanza yalipita vizuri. Muda wa kungoja. Haki ya mgonjwa kwenye dharura. Siri ya mteja. Biki ya Zacharie ilitembea kama mashua isiyo na mzigo. Kisha nikageuza ukurasa, na mjomba alikuwepo.

Papa Ghislain, mfanyakazi wa reli. Mke wake, Claire. Watoto watatu wadogo, wa mwisho miaka minne. Mtoto mwingine wa miaka ishirini na mbili, mwanafunzi. Na mjomba wa Claire, miaka sitini na minne, ana presha, anakaa nao tangu kufiwa na mke. A: Ni watu wangapi wanaingia kwenye kadi? Taja kila aliyeachwa na sababu. B: Mpe mteja shauri juu ya walioachwa.

"Mademoiselle," msimamizi alisema taratibu aliposimama kando yangu. "Mguu."

Benchi zima lilikuwa linatikisika. Nikaukanyaga mguu kwa mguu.

Ningeweza kuacha. Ningeweza kuandika saba na kuanguka kwa heshima, nikaenda nyumbani na mikono mitupu lakini safi. Nikamfikiria Mama Victorine. Kisha, sijui kwa nini, nikamfikiria muuguzi wa zamani kwenye kile kituo njiani. Nilikuwa nimemchukia maisha yangu yote. Lakini tatizo lake halikuwa kwamba karatasi ilisema mjomba si baba. Karatasi ilisema kweli. Tatizo ni kwamba alisoma mstari mmoja, akafunga mlango, akamwacha mtu nje na mtoto mgongoni. Hakumwambia, "Sawa, wewe si baba, sasa tufanye hivi."

Nikaandika: watu watano. Nikaandika sababu ya kijana wa miaka ishirini na mbili. Nikaandika, kwa herufi zangu nzuri, *Mjomba: hapana.* Nilipoweka nukta machozi yalikuwa karibu, nikayazuia yasiloweshe karatasi.

Kisha nikaanza sehemu ya B, na huko biki haikusimama. Niliandika kwamba wakala asimalize kwa kusema hapana. Amwendee yule mzee mwenyewe, akae naye, amweleze kwamba mtu mzima anaweza kuwa mwanachama kwa jina lake, na kadi yake, bila kutegemea kadi ya mtu. Niliandika kwamba chini ya fishi, fomu ya kujiandikisha, kuna mstari ambao mawakala huujaza haraka haraka: *mtu wa kuitwa mwanachama akiugua.* Kitabu hakikuweka sharti lolote kwenye mstari ule. Nimeujaza mara mia moja arobaini na mbili, nikaandika, na wanawake wa soko mara chache hutaja mume. Hutaja dada, jirani, mtu wa meza ya pili. Wakala auulize mstari ule polepole, kwa sababu pale ndipo mtu anaposema watu wake ni nani.

Sikujua kama komisheni ingependa jibu kama hilo. Kengele ililia nikiwa bado naandika.

Mjomba alikuwa ukutani, nje ya lango, ndani ya koti, viatu vinang'aa. Jua lilikuwa kali na yeye alikuwa amesimama ndani yake, hakutafuta kivuli. Nilikwenda moja kwa moja kwake kabla woga haujanipata.

"Limekuja," nikasema. "Lile swali."

"Na?"

"Nimeandika hapana, Mujomba."

Alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa habari ya mauti aliyokuwa akiitarajia. Nikamweleza na yale mengine, harufu ya rangi ya viatu ikinijia. Nilimweleza juu ya kadi ya mtu mwenyewe na ule mstari wa chini. Nilieleza vibaya, nikikatiza sentensi. Alikuwa anatazama nyuma yangu.

Zacharie alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwetu, mikono mbele.

"Jambo Mujomba."

"Jambo. Umeamuka?"

"Sikulala. Jana uliniuliza. Nilijibu kama tunavyosemaka kwetu. Wazazi wangu walipofika bandarini usiku, nikamuuliza Mama: ule mwaka surua ilitaka kuniua, uliita nani? Alicheka. Alisema, 'Baba yako alikuwa Kigoma na samaki. Nilimuita kaka yangu Israël. Yeye njo alikaa na wewe siku kumi na moja.'" Alinitazama, kisha akarudi kwa Mjomba. "Mujomba Israël amekuja kwa boti. Yuko pale chini na mizigo. Miaka yote namuitaka 'mujomba', na jana ulipouliza sikumukumbuka. Nilijibu jina la ukoo. Aliyeitwa alikuwa mwingine. Sijui kama hiyo ni jibu."

"Si jibu," Mjomba alisema. "Ni habari."

Pikipiki zilipita. Watahiniwa wengine walitoka wakibishana juu ya siku za kungoja. Mguu wangu ulikuwa umeanza tena na hakukuwa na benchi la kuusingizia.

"Baba yako alikasirika?" Mjomba akauliza. "Mama yako alipocheka?"

"Alisema mimi nilikuwa mutoto muzito, hata yeye asingenibeba."

Kitu kidogo kilipita kwenye uso wa Mjomba, karibu na mdomo, kikaondoka. Akaingiza mkono ndani ya koti, ndani kabisa, akatoa mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira. Ndani mlikuwa na kadi yake ya mpiga kura na picha mbili ndogo, mpya, kingo zake bado kali. Alikuwa amepiga picha asubuhi ile. Viatu vile alikuwa amevipaka rangi kwa ajili ya mpiga picha.

"Mama yako aliniambia jana jioni," alisema bila kunitazama. "Kwamba mutu anaweza kuwa na kadi yake. Wewe uko na ruhusa ya kuandika watu mpaka mwisho wa mwezi?"

"Ndiyo."

"Una fishi?"

Wakala yeyote huwa na fishi. Niliitoa kwenye daftari, nikaiweka ukutani, nikaandika jina lake, mwaka wake, Pepa, mfugaji. Kisha nikafika kwenye mstari wa chini.

"Mutu wa kuitwa ukigonjwa," nikasoma. Niliuliza polepole, kama nilivyoandika mtihanini. "Ni nani, Mujomba?"

"Kutoka Kalemie mpaka Pepa ni boti, ni lori, na pale lori inakwama ni miguu," alisema. "Wewe utakuwa na kazi, na watu wako mia na ngapi. Mama yako magoti yanamuuma." Akamtazama Zacharie kutoka viatuni hadi kichwani, kama mtu anayepima ng'ombe mnadani. "Andika huyu. Kama anajua kuita, tuone kama anajua kuitwa."

Zacharie alisogea hatua moja mbele.

"Niko, Mujomba," alisema.

"Utakuja usiku ao mchana?"

"Saa yoyote."

"Na mvua?"

"Na mvua."

"Kesho mutakuja saa ngapi?"

"Saa nane."

"Saa nane mimi nalalaka. Mukuje saa saba."

Niliandika jina la Zacharie. Niliandika namba yake ya simu bila kumwuliza, na nilipoinua macho alikuwa ananitazama kwa ule mtazamo wake, chini kwanza, kisha juu, taratibu. Safari hii sikujifanya sioni. Biki ilikuwa ya kwake na nilikuwa nimeishika kwa nguvu mpaka kidole kimebonyea.

"Bado kuna kisanduku," nikamwambia Mjomba. "Kinauliza uhusiano wenu. Yeye ni nani kwako?"

Mjomba alisogea, akaweka kidole chake chini ya mstari kama alivyofanya jana, akasoma. Kisha akachukua fishi mkononi mwangu, akaikunja mara mbili, akaiingiza ndani ya koti.

"Hapo acha wazi," alisema. "Utajaza kesho, tukishafungua chupa."